Sura au Fumbo? Ulinganisho kwa Mchoraji wa Kusini Anayetaka Kuchora Siasa

Mnada wa kwanza wa korosho ukishapita na wakulima wakaanza kuhesabu makato, mawazo ya picha huwa mengi kuliko hardibodi. Kijana anayeandika vibao vya maduka Chikongola anataka kuchora, mwalimu wa sekondari kule Masasi anataka kuchora, fundi wa kupamba bajaji Lindi naye anataka. Wote hukwama pale pale: nimchore mkubwa kwa sura yake, au nimfumbe? Swali hilo ni zito kuliko la rangi au ukubwa wa ubao, kwa hiyo naziweka njia hizi mbili pamoja hapa, na kwa kila moja tuangalie inafikisha nini, inaishi muda gani, na ikileta balaa ni nani anayelipa.

Kwa njia ya sura nakusudia picha ambayo mtazamaji anamtambua mhusika papo hapo: miwani yake, kofia yake, kitambi chake, hata kama mwili umegeuzwa kuwa wa fisi. Kwa fumbo nakusudia picha isiyo na uso wa mtu yeyote anayejulikana, ila jambo lenyewe kila mtu analijua.

Mada moja, mbao mbili

Tuseme mada ni makato. Mkulima wa Tandahimba amepeleka magunia yake AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, bei ya mnada ameisikia, kisha fedha inayoingia benki ni pungufu, na maelezo ya upungufu huo ni karatasi yenye mistari mingi. Njia ya sura itamkalisha kiongozi fulani juu ya rundo la magunia, mashavu yamevimba kwa korosho, na kila apitaye atataja jina akiwa bado ng'ambo ya barabara. Picha kama hiyo inafika haraka. Haihitaji elimu wala maelezo, na haimwachii mhusika mlango wa kusema "si mimi".

Njia ya fumbo niliiona ikifanywa vizuri hapa hapa Mtwara. Kijana mmoja alichukua hardibodi, akaipiga msasa, akaipaka wekundu ule wa udongo wa Newala, kisha akachora mizani ya kuning'iniza, ile ya uso wa duara. Kwenye ndoano kuna gunia la juti limeshonwa mdomo kwa uzi mnene, na mshale wa mizani umesimama chini kabisa ya pale gunia kama lile linapostahili kusoma. Ukisogea ndipo unaona sababu. Chini ya gunia kuna kiganja kimelibeba, kidogo tu, kama mtu anayemsaidia mwenzake. Kiganja kinatoka kwenye mkono wa koti la suti, saa inang'aa kwa rangi ya dhahabu, na fremu ya ubao inaukata mwili kwenye kiwiko. Uso haupo. Aliuegemeza ubao nje ya kibanda chake ukauke. Mama mmoja muuza mihogo akasimama na ungo wake kichwani, akautazama kwa muda, akamuuliza, "Mjomba, huu mkono mbona naujua?"

Swali la yule mama ndilo tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili. Kwenye sura, mchoraji ndiye anayetaja na mtazamaji anakubali au anakataa. Kwenye fumbo mtazamaji ndiye anayetaja, na kila mmoja ana mkono anaoujua: mmoja atasema ni karani wa mizani, mwingine mwenyekiti wa chama, mwingine atapanda juu hadi wizarani. Fumbo linakamata wengi kwa mpigo. Lakini udhaifu wake uko hapo hapo, kwamba kila mkubwa atakayeutazama ubao ule anaweza kucheka kwa raha akidhani ni wa mwenzake.

Fumbo pia halisafiri vizuri. Chora bomba la gesi linalotoka Msimbati likipita juu ya paa za nyasi, na mtu wa Mtwara aliyekuwepo mwaka 2013, watu walipopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, hahitaji neno lolote. Kilio cha "gesi haitoki" bado anakisikia. Lipeleke bomba hilo hilo Mwanza, na huenda likaonekana ni la maji. Sura ya kiongozi wa kitaifa inaeleweka kuanzia Mtambaswala hadi Bukoba. Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize picha hii ni ya nani. Kama ni ya watu wa hapa, fumbo lina nguvu ambayo mgeni hawezi kuipima.

Mapiko walifanya kinyume

Watu wa kwetu hawakuanza jana kuwadhihaki wakubwa. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, pande zote mbili za Mto Ruvuma, vinyago vya kuvaa kichwani viliwaiga maofisa wa kikoloni, wamisionari na askari. Kinyago kilichongwa kwa mti mwepesi, kikabandikwa nywele za kweli, na anayechekwa alionekana wazi. Aliyefichwa alikuwa mchezaji. Asiyepita jandoni hakutakiwa kujua ni mtoto wa nani aliye chini ya kile kinyago.

Fumbo la ubaoni limegeuza mpango huo. Aliyechorwa amefichwa, na aliyechora ameweka sahihi yake pembeni. Mapiko walimlinda anayesema. Ubao wa fumbo unaonekana kumlinda anayesemwa. Nimelifikiri sana jambo hili, na naona mchoraji wa fumbo ana kinga moja tu, ila ni kinga ya kweli: mkubwa akija kulalamika kuhusu mkono ulio chini ya gunia, amejitaja mwenyewe. Akina mama wa pwani wanaijua kinga hiyo kwenye kanga. Aliyevaa hajamtaja mtu, na anayekasirika ndiye anayewafahamisha majirani kwamba maneno yamemhusu.

Mchoraji George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934 na kufariki 2005, alichora mashetani wenye masikio makubwa na matumbo yaliyojaa, wakifanya mambo ya binadamu: wanagombana, wanakula, wanabebana. Simwiti mchora siasa, maana kazi yake ilikuwa pana kuliko hapo. Ila alituachia lugha ya picha iliyo tayari. Mchoraji wa kusini akitaka kuonyesha mlafi hana haja ya kumwazima nguruwe wa katuni za Ulaya. Shetani wa Lilanga akivaa tai na kushika kitabu cha risiti, mtu wa Masasi anamwelewa.

Paris, 1831: mfalme na tunda

Mfano ulio bora kuliko yote kuhusu mkubwa kujitaja umetoka Ufaransa. Mwaka 1831 Charles Philipon, mchoraji na mchapishaji wa magazeti ya katuni, alifikishwa mahakamani kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe. Akachora mbele ya mahakama vichwa vinne. Cha kwanza ni mfalme, cha pili mfalme mashavu yamelegea zaidi, cha tatu karibu tunda, cha nne ni pea tupu, yenye kikonyo na majani. Hoja yake ilikuwa kwamba mkikataza cha kwanza itabidi mkataze na cha pili kinachofanana nacho, na hivyo hivyo hadi mkataze matunda. Alifungwa hata hivyo. Lakini pea ilikwisha kutoka mahakamani ikaingia mitaani. Watoto wakaichora kwa mkaa kwenye kuta za Paris, na serikali ikajikuta inafukuzana na tunda.

Mwishoni mwa mwaka huo huo mwenzake, Honoré Daumier, alishika njia ya sura. Alimchora mfalme kama jitu limeketi kitini, ubao mrefu umeegemezwa mdomoni mwake, na maskini wanaupanda wakiwa na vikapu vya fedha na kuvimwaga kinywani. Picha ilikamatwa, na mwaka 1832 Daumier alianza kifungo cha miezi 6. Wote wawili walifungwa, basi mtu asikwambie kwamba fumbo ni kinga dhidi ya jela. Tofauti ni kilichobaki mikononi mwa watu wakati wachoraji wako ndani. Jitu la Daumier lilihitaji mkono wa Daumier. Pea ilihitaji mkaa na ukuta.

Mwaka 1835 Ufaransa ikatunga sheria kwamba mchoro upate kibali kabla ya kuchapwa, wakati maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Walijua kwamba picha inamfikia asiyejua kusoma.

Johannesburg, 2012: picha ilipogeukia mwili

Huu mfano wa pili nautumia kuwaonya wanaoipenda njia ya sura, nami ni miongoni mwa wanaoitetea haki ya kuitumia. Mchoraji Brett Murray wa Afrika Kusini alimchora Rais Jacob Zuma amesimama kwa mkao wa Lenin wa mabango ya Kisovieti, sehemu za siri zikiwa nje. Maonyesho yenyewe, katika Goodman Gallery, yalihusu ulafi na ufisadi wa walioingia madarakani kwa jina la ukombozi. Mada ilikuwa ya haki kabisa.

Chama cha ANC, chama cha Zuma, kilikwenda mahakamani kutaka picha iondolewe. Tarehe 22 Mei 2012 wanaume wawili, kila mmoja kwa nia yake, waliiharibu mchana kweupe: mmoja akaiwekea alama za X kwa rangi nyekundu, wa pili akaipaka rangi nyeusi. Wakili wa ANC alibubujikwa na machozi akiwa anaongea mbele ya majaji. Mwisho pande mbili zilifikia makubaliano nje ya hukumu.

Sasa angalia nchi nzima ilijadili nini wiki hizo. Utu wa Mwafrika, miili ya watu weusi iliyowahi kuvuliwa na kuonyeshwa na wakoloni, rangi ya mchoraji, heshima ya baba. Ni mambo mazito, na walioyasema walikuwa na uchungu wa kweli. Ufisadi, ambao ndio ulioletwa mezani, ulisahaulika kwenye kona. Nasema wazi kwamba picha ile haikustahili kuharibiwa wala kuondolewa kwa amri. Lakini kwa upande wa ufundi ilimpa mkubwa zawadi: ilimtoa kwenye kiti cha mtuhumiwa ikamkalisha kwenye kiti cha aliyeonewa. Ukimchora mtu uchi kwetu, ambako hata kumtaja mkubwa kwa jina tupu bila "mzee" au "mheshimiwa" ni jambo la kufikiriwa, matokeo yatakuwa hayo hayo kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo ndani ya njia ya sura yenyewe kuna kuchagua kwingine: kuchora tendo au kuchora mwili. Zuma na fedha za umma ni tendo. Zuma na suruali iliyofunguliwa ni mwili. Mimi nachagua tendo kila mara, hata pale mwili unapochekesha zaidi.

Sheria inasimama wapi

Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kueleza fikra zake. Haikusema fikra za kusifu tu. Ibara ya 30 inaruhusu mipaka, kwa ajili ya haki za wengine na masilahi ya umma, na mipaka hiyo ndiyo imejazwa na sheria za chini. Inayomgusa mchoraji zaidi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu chake cha 16 kinahusu taarifa za uongo zinazochapishwa kwenye mfumo wa kompyuta, na kinataja picha na alama pamoja na maandishi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nayo ina vifungu vya uchochezi, na tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu vyake kadhaa, vya uchochezi vikiwemo, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya.

Kifungu cha 16 kina somo la ufundi ndani yake. Neno zito pale ni uongo. Picha iliyochorwa kwa kutia chumvi waziwazi, tumbo likubwa kama ghala na mikono mirefu kama kamba za jahazi, haimdanganyi mtu yeyote. Hakuna atakayeamini kwamba mheshimiwa ana mikono ya namna ile. Inayodanganya ni picha iliyotengenezwa kwenye simu ikafanana na ya kamera, ikimwonyesha mtu mahali ambapo hakuwepo. Ukiamua kushika njia ya sura, tia chumvi sana. Brashi inayoonekana wazi kuwa ni brashi ndiyo wakili wako wa kwanza.

Hata hivyo sitaki kukufariji kwa maneno. Julai 2024 mahakama huko Rungwe, Mbeya, ilimhukumu kijana mchoraji kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 5, baada ya video kusambaa TikTok akionekana akiichoma picha ya Rais na kumtolea maneno makali. Watu walimchangia, faini ikalipwa. Agosti mwaka huo huo familia yake iliripoti kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana. Anayekushauri kuchora siasa bila kukwambia hayo hakutakii mema. Na anayekwambia usichore kabisa kwa sababu ya hayo amewapa wale watu wasiojulikana kazi nyepesi.

Mipaka ninayoikubali mimi ni michache. Usimbebeshe mtu tendo ambalo hakulifanya. Usichochee watu dhidi ya kabila au dini. Watoto wa kiongozi na nyumba yake viache, labda kama nyumba hiyo imejengwa kwa fedha ya halmashauri. Mpaka unaoitwa "heshima ya kiti" siukubali. Aliyeomba kura hadharani amekubali kutazamwa hadharani, na kuchorwa ni namna ya kutazamwa.

Nani atalipa

Hapa ndipo wachoraji wengi hawafiki na mawazo. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kuuzwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa usajili, ila siku hizo lilikuwa limetoka kuchapa katuni ya Rais Jakaya Kikwete iliyochorwa na Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Mchoraji alishika kalamu, gharama ikamwangukia muuza magazeti. Kwa upande mwingine, mchora katuni Masoud Kipanya amedumu miaka mingi magazetini akimtumia kipanya anayeyaona mambo ya wakubwa kwa chini, na hilo si kwa bahati.

Ukutani anayelipa ni mwenye ukuta. Nimeona mwenye fremu ya duka mmoja akipigiwa simu jioni, na asubuhi yake akaja mwenyewe na ndoo ya chokaa kufuta mchoro aliokuwa ameufurahia siku mbili nzima. Simlaumu, ana kodi ya pango na leseni ya kuhuisha. Basi sura usiiweke kamwe kwenye ukuta wa mtu mwingine. Fumbo unaweza kuliweka, ukimweleza mapema linasema nini ili asije akaelezwa na watu wengine. Turubai au hardibodi inabebeka, inafichika na inauzika. Sura ikikaa humo ndani ya maonyesho, na wewe ukiwepo kuieleza, iko mahali pake. Kwenye simu fumbo linapoteza mama muuza mihogo, yaani mtu wa kulitegua, na sura inapoteza chumba kilichoizunguka. Huko inabaki video ya sekunde chache, na sheria ya 2015.

Kuna njia ya katikati ambayo naipitia haraka: maneno ndani ya picha. Chéri Samba wa Kinshasa aliona wapita njia wanaitupia picha jicho na kuondoka, akaanza kuandika maneno juu yake ili wasimame wasome. Inafaa pale fumbo linapokuwa gumu mno. Ila neno moja likizidi, umevunja fumbo bila kupata faida ya sura.

Ningekuchagulia nini

Kwa mchoraji anayeanza, anayekaa Mtwara au Lindi, na anayechora jambo linalorudi kila msimu kama makato, pembejeo zinazochelewa, salfa ya kupulizia mikorosho isiyofika au barabara inayozinduliwa bila lami: fumbo. Matatizo hayo ni ya mpango mzima, na ukimchora mtu mmoja utawasafisha wengine wote waliokaa naye mezani. Mtu huyo akihamishwa wilaya, picha yako imekufa, na mizani bado inaibia.

Sura naichagua pale tendo linapokuwa la mtu mmoja, amelifanya kwa cheo chake, na limeandikwa mahali: ameyasema bungeni na Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, imeyanukuu, au ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, imelitaja jambo lenyewe na ofisi yake. Hapo fumbo linakuwa kumsaidia. Mchore kwa miwani yake na kofia yake, utie chumvi mpaka mtoto ajue ni mchoro, mwili wake uuache na nguo zake zote, na mkono wake uonekane ukifanya lile lililoandikwa, bila kuongeza tendo la pili kwa ajili ya kuchekesha. Nyuma ya ubao, kwa kalamu ya risasi, andika tarehe, kikao na ukurasa, kisha upige picha upande huo pia na umwachie nakala mtu unayemwamini.